Shamba Lililozaliwa Korongoni

Shamba la kwanza nililolinonesha halikuwa langu, na nilinyang'anywa kwa adabu zote. Mwenye shamba alikuja asubuhi moja baada ya mavuno, akaketi kwenye kigoda nilichompa, akanywa uji wangu wa mtama, akanisifu. "Mama, una mkono wewe," alisema. "Tangu nizaliwe sijaliona shamba langu likitoa mahindi namna hii." Kisha, bila kubadilisha sauti, akaniambia kwamba msimu ujao atalilima mwenyewe.

Shamba lilikuwa lake. Tulilikodi kwa msimu, kama watu wengi wa upande huu wa Kagongwa wanavyokodi, na msimu ulikuwa umekwisha. Samadi tuliyoisomba kwa mkokoteni wa ng'ombe ilibaki pale. Matuta tuliyoyainua ili maji yasikimbie na udongo yalibaki pale. Na kiduha, lile gugu linalofyonza mahindi kutoka mizizini, nililokuwa nikiling'oa shina kwa shina kabla maua yake ya zambarau hayajamwaga mbegu, nilikuwa nimemng'olea mwingine. Huwezi kuhama na samadi. Mume wangu alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akarudi, akasimama mlangoni.

"Basi sisi ni wapumbavu," alisema.

"Hatukuwa wapumbavu," nilimjibu. "Tulikuwa wapangaji."

Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na mchanga ndani yake.

Niseme sisi ni akina nani, maana bila hivyo mtu anaweza kuuliza kwa nini tulikuwa tunakodi. Mume wangu ni mtoto wa wavuvi wa Nkome, kule ziwani. Alikuja huku akiwa kijana, akileta dagaa kwenye mnada, akanikuta nikiuza michembe, yale makopa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na baada ya minada kadhaa dagaa wakawa kisingizio tu. Hakuwa na shamba huku, na kule kwao utajiri ulikuwa mitumbwi na nyavu, si ardhi. Mimi nimezaliwa karibu na Maganzo, katika nyumba ya mkulima aliyefuga. Baba yangu kila kiangazi alilihamisha zizi. Mwaka huu ng'ombe walilala kona hii ya shamba, mwaka ujao kona ile, na mvua ziliponyesha mahindi yalikuwa yanatuambia wapi ng'ombe walilala. Alikuwa pia na ngitili, sehemu ya majani aliyoifunga isilishwe hadi kiangazi kikali, na hakuna mnyama aliyeigusa kabla ya wakati, hata wa kwake.

Alipofariki, kaka zangu waligawana ardhi. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, na kwa mila yetu binti aliyetolewa mahari anahesabiwa wa kwingine. Sikugombana nao. Baadaye waliwaruhusu wachimbaji wadogo watafute almasi kwenye ile ngitili. Leo ukienda utaona mashimo, na maji ya mvua yamesimama ndani yake kama macho. Silisemi hilo kuwasuta, maana watoto wao wamesoma kwa mashimo hayo. Ninalisema kwa sababu watu hupenda kusema kwamba mwenye ardhi huitunza na mpangaji huiharibu, kana kwamba ni hivyo tu. Mimi nilikuwa nimeona mwenye ardhi akiichimba, na nilikuwa mpangaji niliyeibeba samadi kichwani mkokoteni ulipokwama. Nilijua jambo haliko hapo. Nilichokuwa sijakijua ni liko wapi.

Baada ya kunyang'anywa, tulilima kama walivyolima wapangaji wote. Msimu huu hapa, msimu ujao kule. Ukifika unachoma mabua, unakwangua, unapanda, unavuna, unahama. Nani atainua tuta atakaloliacha? Nani atang'oa kiduha cha mwaka ujao wakati mwaka ujao si wake? Mashamba ya kukodi unayajua ukiwa mbali: mahindi yana rangi ya njano kama mtu mwenye homa, na udongo umejaa mikwaruzo ya maji. Kila mwaka wenye mashamba walilalamika kwamba wapangaji wanayaua mashamba, na kila mwaka walikodisha kwa msimu mmoja tena.

Ndipo tukasikia habari za mayu.

Huku kwetu kila mama anaitwa mayu, lakini kijijini kwetu ukisema mayu bila kuongeza neno, watu walijua unamtaja yeye. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye fimbo ambayo sidhani aliihitaji. Shamba lake lilianzia juu kwenye mawe makubwa, likashuka kwenye udongo wa kichanga, likaishia bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambako alikuwa na majaruba ya mpunga. Katikati yake, kutoka juu hadi chini, lilipita korongo. Lilianza kama njia ya ng'ombe kwenda lambo kunywa maji. Kwato zikachimba, mvua ikafuata kwato, na miaka ilivyopita njia ikawa mtaro, mtaro ukawa korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani yake ulikiona kichwa tu. Kila masika lilimega kipande kingine cha shamba. Mwanawe wa pekee alikuwa Geita, kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, na alikuja nyumbani mara chache.

Tulimkuta akipepeta choroko uani.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmekuja kwa ajili ya majaruba?"

"Hapana, mayu," mume wangu alisema. "Tumekuja kwa ajili ya shamba la juu."

Aliacha kupepeta. "Wote wanaokuja hapa wanataka bondeni. Huku juu wanaliogopa korongo."

"Sisi tunalitaka shamba lote, na korongo ndani yake."

Alicheka hadi akashika mbavu. "Baba, unataka kulima shimo?"

Mume wangu akanitazama, kwa maana hapo ndipo tulipokubaliana niseme mimi. Nikasema: "Tunataka kuliziba, mayu. Lakini hatuwezi kuliziba kwa msimu mmoja. Tukiziba, tukaondoka, tutakuwa tumekufanyia kazi bure. Tunaomba misimu mingi."

"Mingapi?"

Sikuwa na hesabu. Binti yangu wa mwisho alikuwa ameshika kanga yangu, anamtazama mayu kwa jicho moja, lile jingine limejificha kwenye nguo. Mayu akamtazama na yeye.

"Huyu ameanza shule?"

"Anaanza darasa la kwanza mwakani."

"Basi limeni mpaka amalize la saba."

Nilidhani anatania. Niliuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu siku ile ya uji: "Na likinona, mayu? Likinona utatuacha tuendelee kulima?"

Nadhani alielewa kwamba swali lile lilikuwa na historia. "Likinona," alisema, "nami nitakula vizuri uzeeni. Mnanipa sehemu ya mavuno, sivyo? Sasa mimi nitapata wapi faida ya kuwafukuza?"

Hakutaka iishie uani. Alimwita mwenyekiti wa kitongoji na majirani, akasimama mbele yao na fimbo yake, akasema wazi: hawa watalima hapa mpaka binti yao amalize shule ya msingi, na nikifa kabla ya hapo, neno langu lisife pamoja na mimi. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa cheo. Sikuwa nimepewa ardhi. Nilikuwa nimepewa miaka, na nilianza kuelewa kwamba hicho ndicho kilichokuwa kinakosekana.

Kazi ilianza mwishoni mwa kiangazi. Mimi nilikuwa najua udongo, mume wangu alikuwa anajua maji. Watu walimcheka, mtoto wa mvuvi atajua nini kuhusu shamba, lakini mtu aliyekulia ziwani ana namna yake ya kuyatazama maji. Katika mvua za kwanza, kabla hatujagusa jiwe, alikwenda kusimama ukingoni na koti lake la nailoni, akatazama tu, mpaka mvua ilipokatika. Alirudi ameloa.

"Tukijenga ukuta mkubwa chini, yatauvunja," alisema. "Yanafika chini yakiwa na hasira. Tuyachoshe huko juu yangali machache."

Ndivyo tulivyofanya. Juu kabisa, kabla ya korongo, tulichimba makinga maji, mitaro mipana inayoukata mteremko kwa kukingama, ili mvua itulie humo na kuzama ardhini. Kisha tukaanza kuweka mawe ndani ya korongo, vizuizi vifupi vifupi, kimoja chini ya kingine, kama ngazi. Mawe hayakuwa mbali. Shinyanga inaweza kukunyima mvua, mawe haikunyimi. Tuliyasukuma, tukayaviringisha, mengine tukayapasua kwa kuyachoma moto na kuyamwagia maji. Kando kando tulipanda mkonge, na nyuma ya kila kizuizi matete.

Ilibaki njia ya ng'ombe. Jirani yetu mfugaji alikuwa na kundi kubwa, na ng'ombe wake waliendelea kushuka lambo kwa kupitia pale pale. Kila tulichokijenga walikikanyaga. Mtu mwingine angekwenda kwa mwenyekiti kushtaki. Mume wangu alikwenda kwa mfugaji mwenyewe na kifurushi cha dagaa.

"Mzee, hatukuzuii maji," alimwambia. "Tunakuomba upitishe ng'ombe kule kwenye mawe, upande wa mashariki. Na tukivuna, mabua yote ni ya ng'ombe wako. Walale humo wiki nzima ukipenda."

Mzee alifikiri. Kwa mfugaji, mabua ya kiangazi ni mali. "Na samadi?"

"Samadi wataiacha humo humo."

Mzee alitabasamu, akanyoosha mkono. Alijua kabisa nani amepata zaidi, na hakujali, maana na yeye alikuwa amepata. Tangu siku hiyo ng'ombe wake walikuwa wanafanya kazi ile ile waliyoifanya ng'ombe wa baba yangu.

Sitaficha kwamba tulichekwa. Kwenye mnada akina mama walinikalia kikao. "Shoga, unamjengea mwenzio nyumba," mmoja aliniambia. "Siku ukiweka bati, anakutoa." Nilimjibu kwamba nimekwisha kutolewa kwenye nyumba moja, na ninajua tofauti. Lakini moyoni nilikuwa na hofu, hasa masika ya kwanza yalipokuja. Mvua kubwa ilinyesha alasiri, na tuliposhuka tulikuta vizuizi vya chini viwili vimefagiwa, mawe yametawanyika hadi kwenye majaruba ya mayu. Nilikaa chini kwenye tope. Mume wangu hakukaa. Alikuwa ametangulia juu, na alikuwa ananiita kwa sauti kubwa.

"Njoo uone huku! Njoo!"

Nyuma ya vizuizi vya juu, ambavyo havikuvunjika, kulikuwa na udongo. Udongo mpya, laini, uliotulia kama uji kwenye bakuli. Mvua ile ile iliyokuwa inatuibia ilikuwa imetuletea. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

Tulivijenga upya vile viwili, safari hii vifupi zaidi. Mwaka uliofuata matete yalisimama. Mwaka uliofuata tena nilipanda maboga nyuma ya vizuizi, na yakatambaa hadi ukingoni. Juu, kwenye kichanga, tulipokezana mahindi na choroko na karanga, na kiduha nilikiwinda kama mwizi. Nilipanda mipera na mipapai. Mtu wa msimu mmoja hupanda mchicha. Mpera hupandwa na mtu anayejua kwamba atakuwepo. Nakumbuka siku nilipouchimbia shimo mche wa kwanza, nilisimama nikauliza moyoni kama nina haki ya kufanya hivyo kwenye ardhi ya mtu. Mayu alikuwa anapita na fimbo yake.

"Unangoja nini?" alisema. "Huo mti hauli ugali wa mtu."

Alikuwa anakuja mara kwa mara kutazama. Hakusema sana. Aliweka ncha ya fimbo kwenye udongo, akaona inazama kiasi gani, akaguna, akaenda. Nilianza kuyasubiri yale maguno. Na sehemu yake ya mavuno ilipokuwa inaingia uani, magunia yakiwa mengi kuliko msimu uliopita, alikuwa anaimba taratibu kwa Kisukuma, nyimbo za kulima ambazo sijazisikia kwa mtu mwingine yeyote.

Binti yangu alikuwa darasa la tano mwanawe mayu aliporudi kutoka Geita. Alifika asubuhi kwa pikipiki, na nyuma yake alikuwa amempakia mtu mwenye shati jeupe na viatu visivyokuwa vya shamba. Sisi tulikuwa tunapalilia. Walitusalimia vizuri. Kisha yule mwenye shati jeupe akaanza kupima shamba kwa macho, huku akionyesha kidole.

"Trekta litaingia bila shida," alimwambia mwenzake. "Nalichukua lote. Msimu mmoja, pamba tupu."

Jembe langu lilisimama lenyewe. Mume wangu alisogea, taratibu, kama anavyosogea kila mara jambo likiwa zito.

"Karibuni," alisema. "Shamba hili lina makubaliano, ndugu yangu."

"Najua," mwanawe mayu alijibu. Hakuwa na jeuri. Uso wake ulikuwa umechoka, na baadaye nilijua kwamba duara lake na wenzake lilikuwa limejaa maji na walikuwa wameliacha. "Najua mama aliongea na nyinyi. Lakini shida haina makubaliano. Na shamba ni la baba yangu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Niliukumbuka uji wa mtama niliompa yule mwenye shamba wa kwanza.

Ndipo alipoanza kutembea. Alikwenda hatua chache mbele, akasimama, akarudi. Akapanda juu kidogo, akageuka huku na huku kama mtu aliyeangusha kitu.

"Korongo liko wapi?" aliuliza.

Alikuwa amesimama juu yake. Pale miguuni kwake palikuwa na choroko zinazotoa maua, na matete yaliyokatwa vizuri kwa ajili ya mbuzi, na mkonge kwa safu. Palikuwa pamebaki bonde dogo tu, kama mkunjo kwenye shuka.

"Umelikanyaga," nilimwambia.

"Usinitanie, dada. Mimi nimekulia hapa. Nilianguka humo nikiwa mdogo, nikavunjika mkono." Alikunja mkono wa shati na kutuonyesha mahali mfupa ulipounga vibaya. "Baba alinitoa kwa kamba."

Mume wangu alichuchumaa, akafukua kwa mkono kandokando ya mkonge, akamwonyesha vichwa vya mawe vilivyozikwa na udongo. Kimoja, kisha kingine chini yake, kisha kingine. Mwanawe mayu akavifuata kushuka, kizuizi hadi kizuizi, mpaka kwenye majaruba, na akarudi. Sijui niliwahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia mtu yule kushindwa kuliona shimo la utoto wake. Nilijaribu kuificha fahari hiyo, nikaona haina haja, nikaiacha ikae usoni.

Mayu alikuwa amefika. Mtu alikuwa amempelekea habari, na alikuja haraka, fimbo ikiwa kwapani.

"Mwanangu," alimwambia, "umekuja kunisalimia mimi au kumsalimia mwenye trekta?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeona?"

"Nimeona."

"Nilisema neno mbele ya watu. Mwenyekiti yupo, majirani wapo. Huyu rafiki yako atalima msimu mmoja, atayang'oa hayo matete ili trekta lipite, atavuna, ataondoka. Masika yakija, korongo litarudi, na mimi nitabaki nalo. Wewe utakuwa Geita. Sasa niambie mbele yao: nivunje neno?"

Yule mwenye shati jeupe aliona mapema kuliko wote kwamba siku yake imeharibika. Alisema atasubiri kwenye pikipiki. Mwanawe mayu alisimama ameinamisha kichwa, na nilimwonea huruma, maana shida yake ilikuwa ya kweli. Mwishowe akasema, "Hapana, mama. Usilivunje."

Hakuondoka na mwenzake. Alibaki nyumbani msimu ule wote, na mayu akampa majaruba mawili ya bondeni alime mpunga. Maji yetu yaliyochoka yalikuwa yanamfikia yeye kwanza, bila kumwaga mawe wala mchanga kwenye mpunga wake. Alivuna vizuri. Siku ya kupura alituita tukasaidie, tukaenda, na jioni ile tulikula wali wa kwake.

Binti yangu alipokaribia kumaliza darasa la saba, mimi na mume wangu tulianza kuzungumza kwa sauti ya chini. Makubaliano ni makubaliano, hata yanapokwisha. Tulianza kuuliza huku na huku kama kuna shamba la kukodi. Mayu alisikia, na alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Nani amewafukuza?" alisema. "Kesho asubuhi njooni, na mje mmeoga."

Tulikuta watu wale wale wa mara ya kwanza, mwenyekiti, majirani, yule mfugaji tuliyempelekea dagaa, na mwanawe mayu amekaa kando ya mama yake. Mayu alisimama.

"Shamba la juu wataendelea kulikodi kama mwanzo, mpaka huyo binti amalize na sekondari," alisema. "Hilo ni la kwanza. La pili ni korongo. Mume wangu aliponiachia ardhi hii, pale hapakuwa na shamba. Palikuwa na shimo. Mtu hurithi shamba, harithi shimo. Hawa ndio waliolizaa lile shamba, na mtoto ni wa aliyemzaa."

Mwenyekiti akamgeukia mwanawe mayu. "Na wewe unasemaje? Wewe ndiye mrithi."

"Mimi pale nilirithi mkono uliopinda," alijibu, na watu wakacheka. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida: "Nimekubali. Wapewe."

Hatukupewa bure, na tusingependa bure. Tulilipa tulichoweza, na tukaleta mbuzi akachinjwa mbele ya mashahidi, maana ardhi ambayo watu wengi wamekula nyama ya makubaliano yake haisahauliki. Baadaye kijiji kilitupimia, na hati ya kimila ikaandikwa majina mawili, la mume wangu na langu. Mimi binti niliyekuwa nimehesabiwa wa kwingine niliweka kidole changu kwenye wino, ingawa naweza kusaini, kwa sababu nilitaka ngozi yangu iguse ile karatasi.

Ni ukanda tu. Mwembamba, mrefu, umepinda mara mbili kama nyoka anayeota jua. Mtu mwenye ekari nyingi anaweza kuuvuka bila kujua ameuvuka. Lakini ardhi ambayo watu husema haiongezeki, sisi tuliiongeza kwa ukanda ule. Na niseme kitu kimoja ambacho kilinishangaza: siku iliyofuata nilipokwenda kulima nilitazama upande wetu na upande wa kukodi, nikatafuta mkono wangu utabadilika wapi. Haukubadilika. Miaka tuliyopewa ilikuwa imekwisha kuufundisha.

Sasa wengine wanaokodi upande wetu wanaomba misimu mingi. Si wote wanapewa, lakini wenye mashamba kadhaa wamekubali, na mahali walipokubali utaona matuta. Yule mama wa mnadani aliyenionya kuhusu bati alinijia akaomba mbegu za matete. Nilimpa mafungu mawili.

Mwaka huu ndugu wa mume wangu walikuja kutoka Nkome, mama yake na shangazi zake wawili, na ndoo za dagaa kwenye buti la gari. Tangu nimjue, mume wangu akiulizwa kwake ni wapi alikuwa anasema Nkome, hata baada ya watoto wote kuzaliwa huku. Tuliwapeleka shambani asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Maji yalikuwa yanapita kwenye matete polepole, meupe, unaona mpaka chini. Mama mkwe wangu alivua ndala zake, akaingia, akasimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Alimuuliza mwanawe yanatoka wapi na yanakwenda wapi, akaelezwa, akachota kiganja kimoja akanawa uso.

Mayu alikuwa anatusubiri chini, kwenye majaruba, na alipaza sauti kuuliza wageni ni akina nani.

"Ni mama yangu!" mume wangu alijibu, mikono ikiwa mdomoni ili sauti ifike. "Amekuja kuona kwetu!"